Kabla ya Jamvi Kumwagwa: Spa Katika Mji wa Mpanda

Mtu anayetaka kufungua spa Mpanda mara nyingi huanza na picha. Anazo kwenye simu: chumba chenye mwanga hafifu, kitanda cha shuka jeupe, vigae vinavyong'aa, bakuli la maua. Fundi anaonyeshwa, bei inapatanwa, tofali zinashushwa. Mpango wa namna hiyo umesimama kichwa chini miguu juu. Spa ni jengo la maji, na uhai wake unategemea mambo ambayo hayamo kwenye picha hata moja: maji yatatoka wapi, yatapashwa moto kwa kitu gani, yataishia wapi yakishachafuka, na mteja atapita vipi mpaka chumbani bila kuvunjiwa staha. Mkoani Katavi maswali hayo yana majibu yake, tofauti na ya Dar es Salaam au Arusha. Yote yajibiwe kabla zege la jamvi halijamwagwa, kwa sababu baada ya hapo kila jibu litatafutwa kwa nyundo na patasi.

Soko lipo, na halina haja ya kutetewa sana. Katavi ulimegwa kutoka Rukwa na kuwa mkoa mwaka 2012. Sensa ya mwaka huo ilihesabu watu 564,604. Ile ya 2022 ikahesabu 1,152,958. Mpanda, mji uliofikiwa na tawi la reli kutoka Kaliua kwa ajili ya madini ya risasi enzi za Waingereza, leo unaendeshwa na mpunga, dhahabu ya wachimbaji wadogo, mifugo, maduka na mishahara ya serikali. Lami ya Tabora kupitia Koga imeufanya usiwe tena mwisho wa dunia. Wateja ni bibi harusi na mpambe wake, kina mama wanaojiandaa kwa kitchen party na send-off, mchimbaji aliyeuza dhahabu yake wiki hii, dereva wa lori mwenye mgongo unaouma, mtumishi aliyehamishwa kutoka Mwanza ambaye kwake huduma hizi si jambo geni.

Watalii wapo, lakini wasiwekwe kwenye hesabu ya msingi. Hifadhi ya Taifa ya Katavi ilianzishwa mwaka 1974, ikapanuliwa 1998, na ina kilomita za mraba 4,471. Hata hivyo ni miongoni mwa hifadhi zenye wageni wachache, na wengi wao hutua kwa ndege ndogo ndani ya hifadhi na kuondoka kwa njia hiyo hiyo bila kuiona Mpanda. Anayejenga Kashaulili au Makanyagio ajenge kwa ajili ya watu wa Mpanda. Mtalii akitokea, ni nyongeza.

Sasa tazama kalenda, maana ndani yake ndimo lilimo tatizo ambalo mipango mingi hailioni. Mvua za Katavi huanza Novemba na kukatika Aprili. Mavuno yakishaingia, fedha inaanza kuzunguka, na harusi hupangwa miezi ya kiangazi barabara zikiwa kavu na wakulima wakiwa na nafasi. Kwa hiyo wateja hujaa kati ya Juni na Oktoba. Hiyo ndiyo miezi ambayo chemchemi zinapungua, visima vinashuka na mgao wa maji unabana. Mji umekuwa ukitegemea vyanzo kama chemchemi ya Ikolongo na bwawa la Milala, na idadi ya watu imeongezeka maradufu. Wingi wa wateja na uhaba wa maji vinafika pamoja, mwezi mmoja. Spa iliyopimwa kwa maji ya Februari itafungwa Septemba, na Septemba ndiyo ilikuwa ya kulipa deni.

Tufanye hesabu. Mteja anayefanyiwa skrabu na masaji ataoga, na bafu la kawaida la kunyunyiza litamwaga lita 60 hivi. Beseni la miguu likibadilishwa maji mara mbili ni lita 10. Choo na kunawa, lita 15. Taulo mbili, shuka na kanga ni kama kilo mbili za nguo, na kuzifua kunakula lita 30 kwa kadirio la wastani. Ongeza maji ya kudekia. Unafika lita 120 au 125 kwa mtu mmoja. Wateja 12 kwa siku ni lita 1,500. Mgao ukikatika siku tatu unahitaji lita 4,500, kwa hiyo tangi la lita 5,000 ndicho kiwango cha chini kabisa. Jakuzi dogo la watu wanne linashika lita 1,000 na zaidi, na maji yake hayana budi kubadilishwa mara kwa mara. Katika mji wenye mgao, mimi jakuzi ningelifuta kwenye ramani leo hii, nafasi yake nikaweka tangi la pili.

Tangi nalo lina uzito. Lita 5,000 ni tani tano za maji, na mnara wake uchorwe na mhandisi, usiachiwe fundi akadirie nondo kwa macho. Halafu kuna msukumo. Kila mita 10 za kimo hutoa msukumo wa bari moja tu, kwa hiyo mnara wa mita nne utakupa maji yanayodondoka kichwani kwa unyonge, na mteja aliyepakwa skrabu mwili mzima hatasafishika. Ni nafuu kuweka tangi kubwa chini, dogo juu, na pampu katikati, kuliko kujenga mnara mrefu. Paa pia lihesabiwe kama chanzo: kila milimita 100 za mvua juu ya mita za mraba 150 ni lita 15,000 kabla ya kilichopotea njiani. Maji hayo hayatavuka kiangazi chote bila hifadhi kubwa ya chini ya ardhi, ila yatapunguza bili ya miezi sita. Kisima kirefu ndicho jibu la kudumu, lakini uchimbaji wake na matumizi yake ya kibiashara vinahitaji vibali kutoka bodi ya maji ya bonde. Mto Katuma wa Katavi unatiririka kwenda Ziwa Rukwa, kwa hiyo mlango wa kubisha ni Bodi ya Maji Bonde la Ziwa Rukwa.

Walioijenga hamamu ya Hamamni, katika Mji Mkongwe wa Unguja, walijua kwamba bafu huanza na maji. Hamamu ile ya umma ilijengwa wakati wa Sultani Barghash bin Said, aliyetawala kuanzia 1870 hadi 1888, chini ya msanifu Haji Gulamhussein. Ndani yake ilikuwa na vyumba vya maji baridi na vya moto, vyoo, kinyozi na mahali pa kula, na ilihudumia watu mpaka karibu mwaka 1920. Anayepita leo huona kuba na sakafu. Kazi kubwa ilikuwa kwenye mifereji ya kuleta maji na tanuri la kuyapasha moto, ambalo mteja hakulikaribia kamwe. Kidichi, huko huko Unguja, ambako Sultani Sayyid Said alimjengea mkewe wa Kiajemi hamamu mwaka 1850, mantiki ilikuwa hiyo hiyo.

Kuhusu moto, Mpanda ina bahati moja. Kupasha lita 200 kutoka nyuzi 22 hadi 60 kunakula karibu uniti 9 za umeme. Wateja 12 wakioga maji ya nyuzi 40 ni kama uniti 15 kwa siku, kila siku, kabla hujawasha hata taa. Lakini ile miezi ya wateja wengi na maji machache ndiyo miezi ya anga safi isiyo na wingu. Hita ya jua ya lita 300, ikielekezwa kaskazini juu ya paa imara, itabeba sehemu kubwa ya mzigo huo wakati unapohitajika zaidi. Uamuzi huu hauwezi kungoja, kwa kuwa unagusa mwinamo wa paa, uimara wa kenchi, na njia ya mabomba ya moto ambayo lazima yawe ya aina inayostahimili joto na yapite ukutani kabla ya lipu.

Umeme ni mazungumzo ya mapema na TANESCO. Kwa miaka mingi Mpanda iliwashwa kwa majenereta ya dizeli, ndipo ukaja mradi wa njia ya kilovolti 132 kutoka Tabora kupitia Ipole na Inyonga wa kuufikishia mkoa Gridi ya Taifa. Hata gridi ikiwa imara, umeme wa njia moja hautoshi kwa spa yenye hita tatu za papo kwa papo, kila moja ikivuta kilowati nne au tano, na sauna ndogo inayovuta sita hadi tisa. Ombi la njia tatu liingie pamoja na ramani. Kila chumba chenye maji kiwe na kikata umeme kinachozima mara umeme unapovuja, na waya wa ardhini upimwe na mtaalamu mwenye leseni ya EWURA. Mtu aliyelowa, pekupeku juu ya kigae, hana kinga nyingine.

Hapa niseme jambo moja kwa uzito wote. Wapo wanaobana gharama kwa kuweka jiko la mkaa ndani ya chumba cha mvuke, au mkaa wa udi katika chumba kilichofungwa madirisha ili harufu isitoke. Mkaa hutoa hewa ya kaboni monoksaidi, isiyo na harufu wala rangi, na mtu aliyelegea kwa joto husinzia asiamke. Mvuke uchemshwe nje na uingie kwa bomba. Kufukiza nguo au mwili kwa udi kufanyike mahali penye hewa inayopita, na matundu ya hewa yachorwe kwenye ramani, yasiachwe kwa hiari ya mfanyakazi.

Maji ya moto nayo yana hatari yake. Bakteria wa Legionella hustawi katika maji ya uvuguvugu, kati ya nyuzi 20 na 45, na humwingia mtu kwa kuvuta matone madogo ya bafuni. Tangi jeusi lililoachwa juani siku nzima hufika joto hilo bila mtu kuwasha chochote. Kwa hiyo tangi la maji baridi lipate kivuli, maji ya moto yahifadhiwe kwenye nyuzi 60, yachanganywe karibu na bomba ili mteja asiungue, na mabomba yasiachiwe ncha ndefu zisizotumika ambamo maji hutuama.

Nimekaa sana kwenye maji yanayoingia, ila yanayotoka ndiyo yanayoharibu ujirani. Sehemu kubwa ya Mpanda haina mtandao wa maji taka. Kila jengo lina karo lake na shimo la kunyonya. Karo la nyumba ya familia likipokea lita 1,500 kwa siku, pamoja na mafuta ya masaji na machicha ya skrabu, litajaa mapema kuliko mtu anavyodhani. Singo, skrabu ya Unguja na Pemba, ina maua ya mlangilangi, asmini na mawaridi, karafuu iliyotwangwa na liwa. Skrabu ya kahawa na udongo wa kupaka mwilini huganda ndani ya bomba kama saruji mbichi. Kila bafu la matibabu linahitaji kichujio chake sakafuni kinachofunguliwa na kusafishwa kila jioni, kisha chemba ya kunasa mafuta kabla maji hayajaingia kwenye karo. Weka chemba kila bomba linapokata kona. Bomba kuu literemke sentimita mbili kwa kila mita, sakafu ya bafu sentimita moja hadi moja na nusu kuelekea tundu. Shimo la kunyonya likae mbali na kisima chochote, chako au cha jirani. Mita 30 ndiyo kadiri inayotumika sana.

Uwezo wa udongo kunyonya haukisiwi. Chimba shimo dogo kwenye kina kitakachotumika, lijaze maji mpaka udongo ushibe, kisha pima yanashuka kiasi gani kwa saa. Kipimo cha Agosti kitakudanganya, kwa sababu udongo mkavu hunywa chochote. Pima Machi.

Anayepanga fremu badala ya kujenga yuko katika hali ngumu zaidi, na ndio walio wengi. Fremu za mjini zilijengwa kwa ajili ya duka: bomba moja nyuma au hakuna kabisa, jamvi lisilo na mteremko, dari ya jipsamu, choo cha pamoja uani. Mwenye nyumba anadai kodi ya miezi sita au mwaka, kisha mpangaji anatia vigae, bafu na waya kwa fedha yake, na mkataba ukiisha kodi inapandishwa kwa sababu fremu imependeza. Kabla ya kununua hata mfuko mmoja wa saruji, mkataba uwe wa miaka kadhaa, uandike nani anamiliki kilichoongezwa, uruhusu jamvi kukatwa, na ueleze nani ananyonya karo likijaa. Mwenye nyumba akikataa kukatwa kwa jamvi, nashauri huduma kavu: masaji, uso, kucha, nywele. Bafu lililoinuliwa juu ya ngazi mbili ili bomba lipate mteremko ni hatari kwa mtu aliyejaa mafuta miguuni.

Unyevu utakula kila kitu kisichoandaliwa. Tofali za kuchoma hunyonya maji, kwa hiyo kuta za bafu na mvuke zipakwe kizuizi cha maji chini ya vigae. Kigae chenyewe hakizuii kitu, maji hupita kwenye maungio. Jipsamu isiingie kabisa kwenye chumba cha mvuke. Dari ya chumba hicho iwe na mwinamo, ili matone yateremkie ukutani badala ya kumdondokea mteja.

Mpangilio wa vyumba unabeba suala la heshima, nalo si dogo. Neno masaji limebeba sifa mbaya katika miji yetu, na wako wake na waume ambao hawataingia mahali panapotia shaka. Ramani inaweza kuondoa shaka hiyo kuliko bango lolote. Mapokezi yaonekane kutoka barabarani. Upande wa wanawake uwe na mlango wake, bafu lake na mahali pake pa kubadilishia nguo, ili mwenye hijabu asilazimike kupita mbele ya wanaume. Milango ya vyumba ifungwe kwa komeo jepesi ambalo msimamizi anaweza kulifungua kwa nje. Chumba cha masaji kiwe na upana wa mita 2.5 na urefu wa mita 3.4 hivi, mhudumu aweze kukizunguka kitanda bila kujibana ukutani. Kikiwa kidogo zaidi atafanya kazi amepinda, na mgongo wake ndio utakaokuwa wa kwanza kuumia. Hao wahudumu, wengi wao mabinti, wanastahili chumba cha kukaa na kula. Ramani nyingi zinamsahau mtu anayefanya kazi hiyo saa kumi kwa siku.

Chumba cha kufulia kinahitaji njia mbili, moja ya taulo chafu na nyingine ya safi, zisikutane. Pia kinahitaji hewa na ukuta usioshika moto: taulo zenye mafuta ya kupaka, zikitoka kwenye kikaushio zikiwa moto na kurundikwa, zinaweza kujipasha na kuwaka zenyewe.

Vibali nitavipitia kwa haraka. Kibali cha ujenzi hutolewa na Halmashauri ya Manispaa, na kabla yake matumizi ya kiwanja yahakikishwe: kiwanja cha makazi pekee kinahitaji kubadilishiwa matumizi kwa utaratibu wa Sheria ya Mipango Miji ya 2007. Jeshi la Zimamoto hupitia ramani. OSHA husajili mahali pa kazi kwa sheria ya mwaka 2003. Vipodozi vimekuwa chini ya TBS tangu 2019, na bidhaa zenye zebaki au haidrokwinoni ni marufuku, hivyo stoo iwe na rafu na kumbukumbu zinazokagulika. Anayetaka kutangaza kwamba tiba yake inaponya maradhi ajue ameingia eneo la Baraza la Tiba Asili na Tiba Mbadala.

Lipo wazo jingine ambalo hurudi kila spa ya Katavi inapotajwa: Majimoto, kule Mpimbwe, ambako ardhi yenyewe inatoa maji ya moto. Kwa nini mtu anunue hita? Wazo ni zuri kwa moyo, gumu kwa utekelezaji. Bonde la Rukwa ni sehemu ya Bonde la Ufa, na maji ya chemchemi zake hupanda kutoka kina kirefu yakiwa yamebeba madini. Madini hayo huacha ukoko ndani ya mabomba na pampu, na floridi katika chemchemi za ufa huwa nyingi. Hupanda na gesi pia. Mwaka 2016 watafiti wa vyuo vikuu vya Oxford na Durham pamoja na kampuni ya Helium One walitangaza uwepo wa hazina kubwa ya heliamu katika bonde hilo. Gesi isiyo na oksijeni ikikusanyika ndani ya nyumba iliyojengwa juu ya chemchemi, waogaji watazimia. Anayeitaka Majimoto apime kwanza joto, kemia, vijidudu na hewa, na azungumze na wenyeji kabla ya kuzungumza na mkandarasi. Chemchemi ni ya kijiji kabla haijawa ya mwekezaji, na bafu la wazi la bure kwa wanakijiji liwe mstari wa kwanza wa ramani. Kwa mwenye mtaji wa kawaida, mjini ni salama zaidi.

Kalenda nzima inapangwa na misimu. Kisima kipimwe Oktoba, maji yakiwa chini kabisa. Shimo la kunyonya lipimwe Machi, udongo ukiwa umeshiba. Kati ya miezi hiyo kuna muda wa kutosha wa msanifu kuchora, mkadiriaji majenzi kuandaa hesabu, na halmashauri kupitia maombi. Msingi uchimbwe mvua ikikatika. Mabomba yote yakishalazwa, yajazwe maji kwa msukumo na yaachwe usiku kucha, kisha yapigwe picha kila mita na futi ya kupimia ikionekana ndani ya picha, zihifadhiwe pamoja na ramani. Sakafu za bafu, zikishapakwa kizuizi, zizibwe matundu na kujazwa maji kwa saa 24 kabla ya kigae cha kwanza kubandikwa. Malipo ya fundi kwa hatua hiyo yaandikwe kwenye mkataba kwamba yatatoka maji yakikutwa pale pale yalipoachwa.